Mahudhurio ya Mbwa Watatu

Tezo, 31 Machi 1985, Jumapili

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya shule ya chekechea niliyokuwa nikifundisha, ile iliyojifunga yenyewe mwaka jana watoto walipoanza kulala darasani kwa njaa. Kurasa kumi na moja za mwanzo zina majina yao na alama za kuja na kutokuja. Zilizobaki nimejipa mimi, Jedida, mjane wa Musyoka, kwa sababu sina mtu mzima wa kumwambia mambo yangu, na nisipoandika nitapasuka.

Leo nimemaliza kupanda. Mvua ya kwanza ilishuka juzi, ardhi imelainika, na mbegu yote niliyokuwa nayo imeingia chini, hata ile iliyokuwa ya kupika. Mwaka jana hatukuvuna hata gunzi. Mbuzi walikufa mmoja mmoja hadi banda likabaki na harufu yao tu. Tulikula mahindi ya njano ya msaada na tukashukuru.

Nduku alipita jana akitoka Kilifi kurudi kwake Malindi. Ni binamu ya marehemu, kwa hiyo ni wifi yangu. Amejifungua na anataka msichana wa kumlelea mtoto, na anamtaka Mueni. Mueni ndiye mwanangu wa pekee, ana miaka kumi na mmoja, yuko darasa la tano. Nilimjibu wifi kwamba tukivuna, mtoto atabaki shuleni. Tusipovuna, aje amchukue, maana huko angalau atakula. Niliyasema kwa kinywa changu mwenyewe na sasa hayarudi.

Mueni alikuwa amesimama mlangoni. Huwa hasemi kitu.

2 Aprili

Nyani wa msitu wa Sokoke wamefika. Wamefukua mistari minne, punje moja moja, kwa vidole, kama mtu anayechambua mchele. Nilikimbia nikipiga kelele. Dume lao likageuza shingo, likaniangalia kutoka leso hadi miguu, likaendelea kula.

5 Aprili, Ijumaa Kuu

Hapa kila mtu anajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Akiona suruali huondoka, akiona leso hubaki. Nimetoa sandukuni suruali na koti la marehemu nikavaa. Koti bado lina harufu yake chini ya kola. Nililia kidogo, kisha nikaenda shambani, na kweli wakaondoka.

6 Aprili

Suruali tena. Wameondoka.

7 Aprili, Pasaka

Leo niliwafokea nikiwa ndani ya suruali. Wakaisikia sauti. Hawakuondoka.

8 Aprili

Nimeshuka kwa Nyevu kuomba mbwa. Sikutaka. Nyevu ni jirani yetu upande wa chini, mke wa Gona mgema, Mgiriama wa hapa hapa, na tangu tuje kutoka Ukambani miaka tisa iliyopita sijampenda. Nyumba yake ni kelele na harufu ya tembo la mnazi, na anaongea na mbwa kama anaongea na wakwe zake.

Mbwa wake jike alizaa mwaka jana na watoto watatu wakapona ile njaa. Alinitolea mmoja mmoja.

"Huyu mwekundu ndiye wa kwanza kuingia kila mahali. Hata jikoni motoni ashaingia. Huyu wa mabaka, tumbo lake ndilo lamtuma. Mwonyeshe machicha ya nazi, atakufuata hadi Mombasa. Na huyu jike mdogo namwita Pole. Huyu asikia kitu kabla hujakisikia wewe. Usimpigie kelele, Mama Mueni. Wametoka tumbo moja, lakini si mbwa mmoja."

"Mbwa ni mbwa, Mama Kache," nikamwambia. "Mimi darasani nilikuwa na watoto arobaini na fimbo moja."

Alicheka hadi akajishika mbavu. "Nao walijifunza?"

Nimewachukua. Ile "walijifunza" bado inaniwasha.

9 Aprili

Mwekundu nimemwita Sajini, wa mabaka ni Tomi. Pole amebaki Pole, hajastahili jina jingine. Kila siku saa tatu asubuhi nitapiga ile kengele ya shule, nitaita majina, na mahudhurio yataandikwa humu. Kisha somo, kila mmoja somo lile lile. Kamba shingoni, fimbo mkononi, na neno moja: "Shika!"

Saa tatu. Sajini: yupo. Tomi: yupo. Pole: chini ya kitanda.

Nyani walikuja saa nne, upande wa mikorosho.

10 Aprili

Wote wapo. Hakuna nyani. Tomi amekula sabuni.

15 Aprili

Saa tatu. Sajini: yupo. Tomi: yupo, kwa kuvutwa. Pole: nyuma ya jiko.

Nimempiga Pole. Nyani saa nne na nusu, upande wa pili, kwenye bonde la korongo. Sajini aliwafukuza hadi kwenye kingo za shamba, akasimama hapo akibweka, akarudi kifua mbele. Huyo ndiye mwanafunzi.

23 Aprili

Pole: chini ya kitanda. Nimemtoa kwa ufagio. Nyani, mikorosho.

4 Mei

Mvua siku ya sita mfululizo. Mahindi yamefika magotini, kijani kibichi hadi yanaumiza macho. Sajini: yupo. Tomi: yupo. Pole: yupo. Nyani wamekaa msituni na mvua yao. Mueni ameniuliza kama Pole anaweza kulala miguuni pake. Nikamwambia mbwa wa kulinda halali na watu.

19 Mei

Pole: nyuma ya jiko. Fimbo. Nyani, korongo. Tomi alikuwa anacheza na kifuu cha nazi.

2 Juni, Jumapili

Mahindi yametoa ndevu. Wiki tatu punje zitajaa maziwa, na hapo ndipo nyani hasahau shamba. Nina mbwa mmoja na nusu. Sajini anafukuza lakini akifika kwenye kingo anasimama. Tomi anafikiri nyani ni wageni wa kuchezea. Na yule wa tatu ni hasara tupu. Kila nikiamka nawaza Malindi. Nikimtazama Mueni akifunga vitabu vyake kwa kipande cha mpira wa baiskeli, najiona mwizi.

10 Juni

Nimeamua. Baba yangu kule Mwala alikuwa na mbwa wawili ambao hata mkusanya kodi aliwapigia hodi kwa mbali. Njia yake ni moja na kila Mkamba wa umri wangu anaijua: unamfungia mbwa gizani mchana na usiku, unamlisha mara moja kwa siku, ugali wenye pilipili kichaa, na siku ya kumtoa anatoka mwingine. Nimeziba mianya ya banda la mbuzi kwa makuti na udongo. Wameingia wote watatu. Siku kumi.

11 Juni

Wanalia.

12 Juni

Tomi analia. Sajini anakwaruza mlango. Pole simsikii.

14 Juni

Nimemkuta Mueni nyuma ya banda akimimina maji kwa kipande cha nazi kupitia tundu alilotoboa kwa kijiti. "Ni ya Pole," alisema. "Hali chochote." Nikampiga na mwiko uliokuwa mkononi, begani. Nikamwambia kwamba ninafanya haya yote ili yeye asiende kufua nepi za watu. Hakulia. Alikwenda kukaa nyuma ya jiko. Nikamwita mara tatu, hakuja. Nikaenda nikamvuta kwa mkono. Mkaidi kama baba yake.

20 Juni

Nimewatoa. Sajini ametoka na macho ya damu, akauma hata mpini wa jembe. Baba angefurahi. Tomi alipita katikati ya miguu yangu, akatoboa ua, akakimbilia kwa Nyevu, akarudi jioni na machicha puani. Pole ametoka pale tu nilipomvuta, akakaa pale nilipomweka.

21 Juni

Saa tatu. Sajini: yupo. Tomi: yupo. Pole: yupo.

Mwishowe amejifunza. Nyani walikuja ghafla, sikuwasikia kabisa, upande wa mikorosho. Sajini akawararua.

24 Juni

Wote wapo. Pole yupo, hajifichi tena. Nyani, korongo, ghafla tena. Wamevunja mistari miwili kabla sijashuka kutoka dunguni, pale juu ya nguzo ninapokaa kulinda.

26 Juni

Wote wapo. Nyani.

27 Juni

Wote wapo. Nyani mara mbili. Sina sauti iliyobaki.

29 Juni, Jumamosi

Nitaandika ilivyokuwa, kisha nitaacha.

Nilikuwa dunguni na teo langu na mawe. Sajini na Tomi walikuwa chini. Pole alilala hatua mbili kutoka nguzoni, kichwa juu ya miguu, anatazama mbele kama mtu anayetazama ukuta. Hakukuwa na sauti yoyote ya hatari. Ndege walikuwa wakiimba. Kisha mahindi ya upande wa mikorosho yakaanza kutikisika, na walikuwa wameshaingia ndani, thelathini, labda arobaini, majike yamebeba watoto, madume matatu yamebaki nje ya shamba yakilinda.

Nikapaza sauti: "Shika!"

Sajini akaondoka. Zamani alikuwa akifika kwenye kingo anasimama. Nilikuwa nikimchukia kwa hilo. Leo hakusimama. Alizipita zile kingo akaingia kati ya madume matatu, peke yake, kwa sababu nilimtoa akili ya kusimama kwa siku kumi za pilipili. Walimshika kwa mikono. Mimi sikujua kwamba nyani hushika kwa mikono, kama watu. Alilia mara moja tu.

Niliruka nikaanguka kwa goti. Tomi alikuwa amekimbia. Nilikwenda na panga nikipiga majani, nikipiga hewa. Wakaondoka walipotaka wenyewe, wengine wamebeba mahindi kwapani. Nusu nzima ya shamba, upande wa mikorosho, imelala chini, imeng'atwa kidogo kidogo na kutupwa.

Nilimbeba Sajini. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Mueni alitusaidia kuchimba, mimi na goti langu.

Nikamtafuta Pole nimwue. Ndiyo, nimeandika. Nilikuwa na panga mkononi na nilimtafuta. Hakuwepo.

30 Juni

Sikuenda kanisani.

3 Julai

Nyani. Nilikuwa peke yangu. Nilirusha mawe hadi mkono ukakataa.

6 Julai, Jumamosi

Nduku amekuja. Sijui nani alimwambia, labda mimi mwenyewe nilimpelekea neno na nimejisahaulisha. Alitembea shambani akashika kichwa. "Wifi, pole sana. Huku mtakufa." Hana ubaya, Nduku. Alileta mkate na majani ya chai.

Nikamwuliza Mueni, "Unataka kwenda kwa shangazi?" Akatazama chini. Nikasubiri kidogo. Wahenga wanasema kimya ni kukubali. Nikamfungia nguo zake mbili kwenye leso. Vitabu alivipanga mwenyewe mezani, akavifunga na ule mpira, akaviacha.

Waliondoka saa nane. Hakugeuka nyuma. Nilikasirika kwamba hakugeuka.

7 Julai

Nyumba.

8 Julai, Jumatatu

Leo nilichukua kalamu kumpiga Sajini mstari, kama nilivyokuwa nikiwapiga mstari watoto waliohama au waliokufa. Nikafungua kurasa za Aprili. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikasoma.

Pole: chini ya kitanda. Nyani, mikorosho. Pole: nyuma ya jiko. Nyani, korongo. Chini ya kitanda, mikorosho. Nyuma ya jiko, korongo. Nikatafuta siku ambayo alijificha na nyani wasije. Haipo. Nikatafuta siku ambayo wote walikuwepo kabla ya giza la banda na nyani wakaja. Haipo.

Nilikuwa nimedhani kwamba anajificha kwa sababu ya nyani waliokuja. Lakini mahudhurio ni saa tatu. Nyani ni saa nne, saa nne na nusu. Nimeandika saa mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu. Alikuwa anawasikia wakiwa bado msituni. Na chumba chenye kitanda kiko upande wa korongo, na jiko liko upande wa mikorosho. Alikuwa anakimbilia mbali nao, kila mara, na akikimbia alikuwa ananionyesha wanakotoka. Saa nzima kabla. Na kila mara nilimtoa kwa fimbo.

Kisha tarehe ishirini na moja Juni: Pole yupo. Nikaandika kwamba amejifunza. Pilipili na giza vilimwua masikio, au vilimwua hofu, au vilimwua imani kwamba kujificha kunasaidia, na mimi nikampa alama ya kuja. Siku zote alizokuwepo ndizo siku walizotumaliza.

Nilikaa na daftari mapajani hadi uji ukaganda kwenye sufuria. Mueni alikuwa akijificha nyuma ya jiko.

9 Julai

Nimekwenda kwa Nyevu, maana Tomi na Pole walikuwa wamekimbilia huko kwa mama yao. "Nimekuja kumchukua Pole."

"Mchukue," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Pole alikuwa amelala kwenye jivu la zamani. Aliponiona alijikojolea, akatambaa nyuma ya kinu kwa tumbo. Nyevu akakunja mikono. "Sasa chukua."

Nikamwambia yote. Daftari, kitanda, jiko, pilipili. Nilidhani atacheka, na ningestahili. Hakucheka.

"Mwenzangu, wewe na kusoma kwako kote. Mbwa akwambia kila siku, nawe waandika, husomi."

"Nifanye nini, Mama Kache? Nusu ya shamba bado imesimama. Nisipoipata hiyo, mtoto hatarudi."

"Kaa chini. Hapo, chini kabisa, si kwenye kiti. Mpe mgongo. Usimwite. Usimtazame machoni. Mkono wako usipite juu ya kichwa chake. Tupa machicha nyuma yako na unyamaze. Atakuja, au hatakuja."

"Siku ngapi?"

"Hilo muulize yeye."

Alinitandikia gunia. Nilikaa nikitazama ukuta wa udongo wa Nyevu, na shamba langu peke yake huko juu. Hakuja.

10 Julai

Gona, akishuka kutoka minazini asubuhi, amekwenda kusimama shambani kwangu na suruali yake mwenyewe. Hakuna aliyemwomba. Mtu huyu nilimwita mlevi miaka tisa. Nimekaa kwenye gunia. Pole hakuja.

11 Julai

Machicha yameliwa. Sikusikia lini.

12 Julai

Nyevu amenifundisha Tomi. "Huyu usimwambie 'shika'. Hana ugomvi na mtu. Mfundishe kelele." Tunapiga debe, Tomi akibweka anapata machicha, akinyamaza hapati. Kwa siku moja amejifunza nilichomchapia miezi miwili. Anabweka hadi mkia unamwangusha.

14 Julai, Jumapili

Nimeharibu.

Alikuwa amekaribia hadi nikasikia pumzi yake kwenye kiwiko. Nilifikiria mahindi yanavyokauka, nilifikiria Mueni akisuuza nepi, nikasema sasa basi, nikageuka nikamshika ngozi ya shingo. Hakuuma. Alilegea tu mkononi, kama nguo, na macho yake yakaenda kule yalikokuwa siku zile za bandani. Nikamwachia. Akaingia nyuma ya kinu.

Nyevu hakunisema. Alikuja akaliokota gunia nililokuwa nikikalia, akalikung'uta, akalianika kambani. Nikaondoka.

15 Julai

Nyani, korongo. Gona na mimi. Mstari mmoja umekwenda.

16 Julai

Nyani. Mistari miwili.

Nimezoea kukemea. Sijui kufanya kitu kingine. Mama yangu alinikemea, mimi nikakemea watoto wa watu arobaini, nikamkemea Musyoka hadi siku aliyolazwa. Ee Mungu, nifundishe kukaa kimya, na unifundishe upesi.

17 Julai

Gunia lilikuwa limetandikwa nilipofika. Nikakaa.

19 Julai

Machicha yameliwa.

22 Julai

Nilikuwa nimesahau kungoja. Nilikuwa nikimsikiliza Nyevu akitwanga na kumsengenya mama mkwe wake. Kitu kikawekwa juu ya unyayo wangu. Kidevu. Sikusogea hadi mguu ukafa ganzi, na machozi yalinishuka na sikuyafuta, maana kufuta ni kuinua mkono.

Nyevu aliendelea kutwanga. "Usilie kwa sauti," akasema. "Yuakusikia."

24 Julai

Amenifuata nyumbani, hatua ishirini nyuma yangu. Nilitembea bila kugeuka. Kile kibanda cha mbuzi nimekibomoa asubuhi hii, ili asikione.

26 Julai, Ijumaa

Kengele nimeing'oa ulimi. Mahudhurio nachukua kwa macho.

Saa tatu. Tomi: yupo. Pole: yupo.

Saa tatu na robo Pole akainua kichwa. Sikusikia kitu. Alisimama, akatazama mikorosho, masikio yakalala nyuma. Kisha akaingia ndani, akanipita, nikasikia kucha zake sakafuni na kile kijisauti cha mtu anayejisukuma chini ya kitanda.

Sikumtoa. Nilivaa suruali ya marehemu nikikimbia, nikashika debe, nikamwita Tomi, nikampigia Gona mluzi. Tulifika chini ya mikorosho tukiwa tunahema na hakukuwa na mtu. Tukangoja. Gona alianza kunitazama kwa jicho la kando. Kisha dume la kwanza likatokeza kwenye majani, likatukuta tumeshafika. Niliona linavyoshangaa. Tukapiga madebe, Tomi akabweka kama mwenda wazimu, na lile dume likakaa, likajikuna, likafikiri. Wakarudi walikotoka. Hakuna hindi hata moja lililoguswa.

Niliporudi nililala sakafuni kando ya kitanda, nikatupa machicha gizani.

27 Julai

Nyuma ya jiko. Tukakimbilia korongo. Walirudi.

30 Julai

Kitanda. Mikorosho. Walirudi.

3 Agosti

Kitanda. Walirudi. Gona anasema mbwa huyu angekuwa chifu.

10 Agosti, Jumamosi

Tumevuna, mimi na Nyevu na Kache wake. Si mavuno ya kujisifia. Lakini yako juu ya uchaga, juu ya moto, na moshi unayakausha, na ukila kwa adabu yatatufikisha mvua za vuli. Nyevu alipanda ngazi akayatazama kwa muda mrefu. Nilimwambia, "Mama Kache, nimekukosea miaka tisa." Akasema, "Kumi, Desemba ikifika," akaomba chumvi.

17 Agosti, Jumamosi

Nilipanda basi la asubuhi kwenda Malindi nikiwa nimevaa koti la marehemu kwa sababu ya manyunyu.

Nduku anakaa vyumba viwili vyenye ua wa saruji. Alinipokea vizuri. "Wifi, mtoto wako ana adabu, sina neno. Ila haongei. Nikimwita kwa nguvu ananikimbilia bafuni. Nilimchapa mara moja, nisamehe, nilidhani ni kiburi."

"Hata mimi nilidhani hivyo," nikasema.

Mueni alikuwa uani, beseni la nepi mbele yake. Amekonda mashavuni. Aliniona. Alisimama, maji yakimtiririka vidoleni, kisha akarudi hatua mbili hadi mgongo ukafika ukutani, akatazama pembeni.

Kwenye ulimi wangu yalikuwepo maneno yote. Njoo usalimie. Umesahau mama yako? Nimekuja mbali hivi na hunisogelei? Na mguu mmoja ulikuwa umeshainuka kwenda kumshika. Si kwamba namfananisha mwanangu na mbwa, Mungu anisamehe. Lakini mimi ni mtu niliyechelewa kujifunza, na nilijifunzia pale nilipofundishwa.

Nikakaa chini kwenye saruji. Nikampa mgongo.

"Wifi, viti vipo," Nduku akasema.

"Acha, wifi. Hapa pananitosha."

Nilitazama ukuta wa jirani. Kulikuwa na mchwa wakipanda. Nyuma yangu nikasikia nepi ikikamuliwa. Nyingine. Nyingine. Nikasikia beseni likisukumwa. Kisha kwa muda mrefu sikusikia kitu, na sikugeuka, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, hata kuzika.

Mgongo mdogo uliolowa ukaegemea mgongo wangu. Akanusa kola ya koti.

"Mama," akasema. "Pole anakula?"

"Anakula."

Kimya. Nilikiacha kiwe kimya chake.

"Nilisikia," akasema. "Siku ile ulipomwambia shangazi aje anichukue. Nilikuwa mlangoni. Nilijua tangu siku ile."

Miezi yote ile, mtoto wangu alisimama mlangoni akisikia kilichokuwa kikija, akajificha nyuma ya jiko, na mimi nikamvuta kwa mkono. Nilisema, "Nilikukosea, Mueni." Sikusema zaidi, kwa sababu nilijua nikianza kueleza nitaishia kukemea.

Tumefika Tezo jua bado liko juu ya minazi. Pole alitoka chini ya kitanda, akanipita mimi, akaenda kwa Mueni. Sasa wamelala hapo sakafuni wote wawili, na vile vitabu vimefunguliwa ule mpira.

Nimeandika jina lake katika safu ya leo: Mueni. Sikuandika yupo wala hayupo. Nimeacha daftari wazi na kalamu juu yake, aje aandike mwenyewe akitaka.